UZI: Kwa nini video inatufikia lakini picha ya kanga haitafutiki? Mavumbuzi ya utiririshaji na utafutaji kwa picha, na namna ya kuyatumia Unguja na Pemba

Mwanzisha uzi (Unguja)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Uzi huu nimewakusudia wanaotengeneza programu hapa Visiwani, pamoja na wafanyabiashara na mafundi wanaozitumia kila siku.

Video iliyohifadhiwa kwenye seva ya Ulaya inafunguka Micheweni katika simu ya bei nafuu, hata pale mtandao unapopanda na kushuka. Lakini picha safi ya kanga iliyopigwa dukani Darajani, ukiipeleka kwenye utafutaji wa picha, huleta mapazia, magauni na vitambaa vya meza. Wengi husema kwamba video ni teknolojia iliyokomaa, na kwamba utafutaji kwa picha bado ni mchanga. Mimi sikubaliani nao. Kazi hizi mbili zimejengwa juu ya hesabu zinazokaribiana sana, na kinachozitenganisha ni mahali ulipowekwa uamuzi. Katika utiririshaji, wavumbuzi waliutoa uamuzi kwenye seva wakaukabidhi simu ya mtazamaji. Katika utafutaji kwa picha uamuzi umebaki mbali, kwenye seva isiyojua kanga ni nini.

Nianze na hesabu zenyewe. Mwaka 1972 Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, aliomba fedha za serikali ya Marekani ili achunguze njia mpya ya kubana picha, na ombi lake likakataliwa. Hakuiacha kazi hiyo. Januari 1974 yeye na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao wakaichapisha. Katika njia hiyo, kama ilivyokuja kutumiwa kwenye picha za JPEG kuanzia mwaka 1992, picha hukatwa katika viraba vya pikseli 8 kwa 8, na kila kiraba huandikwa upya kama mchanganyiko wa mawimbi 64. Mawimbi machache hueleza mwanga na rangi zinazobadilika polepole, na yaliyobaki hueleza vinyuzinyuzi vidogo ambavyo jicho haliviangalii sana. Hivi vya pili hupunguzwa au hutupwa kabisa. Kodeki (programu ya kubana na kufungua video) ya H.264 ya mwaka 2003, ambayo hadi leo inabeba sehemu kubwa ya video tunazotazama, inatumia hesabu za ukoo huo huo, na baadhi ya programu zinazotambua kama picha mbili ni nakala ya picha moja nazo huchukua mawimbi yale machache ya mwanzo na kuacha mengine.

Sasa tuje kwenye kusafirisha. Televisheni Zanzibar ilipoanza kurusha matangazo ya rangi mwaka 1973, mnara ulitoa wimbi moja na kila mwenye seti ndani ya eneo lake alilipokea sawa na jirani yake. Intaneti haina tabia hiyo, kwani kila mtazamaji hufunguliwa njia yake. Katika miaka ya 1990, RealAudio ilipotoka mwaka 1995, mfumo ulitegemea seva maalumu iliyomfuatilia kila msikilizaji na kumsukumia sauti kwa mwendo ambao seva yenyewe iliuona unafaa. Wasikilizaji walipokuwa wengi, seva ilielemewa; na mtandao ulipopungua upande wa msikilizaji, habari ilichelewa kufika kwenye seva na sauti ilikuwa imeshakatika.

Uvumbuzi uliobadilisha mambo unaonekana mdogo ukiutazama kwa mbali. Video moja hutayarishwa katika viwango kadhaa vya ubora, kisha kila kiwango hukatwa vipande vya sekunde chache, na vipande huwekwa kwenye seva ya kawaida ya tovuti kama mafaili yoyote mengine. Pamoja navyo huwekwa faili dogo la maandishi lenye orodha ya viwango na mahali vipande vilipo. Seva haifuatilii mtu yeyote. Simu ndiyo inayosoma orodha, inayopima kipande kilichopita kilichukua muda gani kufika, inayotazama akiba iliyonayo ni ya sekunde ngapi, kisha inaamua yenyewe kipande kijacho kiwe cha ubora gani. Kampuni ya Move Networks ya jimbo la Utah ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, katika eneo hili, kati ya mwaka 2004 na 2005. Microsoft ilitoa mfumo wake mwaka 2008, Apple ikatoa HLS mwaka 2009, na mwaka 2012 kikachapishwa kiwango cha kimataifa cha DASH.

Ndiyo maana picha inaanza na ukungu halafu inasafika. Simu ya Micheweni haikusubiri ruhusa ya mtu. Ilianza na kipande chepesi, ikakuta njia ni pana kuliko ilivyodhani, ikapanda daraja.

Mchangiaji (Wete)

Waalaykum salaam, Maalim. Mimi napiga video za harusi, na siku hizi familia nyingi zinataka nirushe mubashara kwa jamaa walioko Maskati na Uingereza. Tatizo langu ni kuchelewa. Bi harusi anatolewa, vigelegele vinapigwa, shangazi aliye ukumbini anampigia simu dada yake aliye London, na yule wa London anaisikia habari kwenye simu kabla hajaiona kwenye video. Nimebadilisha kamera, nimebadilisha laini ya simu, na uchelewaji uko pale pale. Sababu ni hii ya vipande?

Mwanzisha uzi

Naam, ndugu yangu, ni vipande. Kipande hakiwezi kutumwa kabla hakijakamilika, na programu nyingi za kutazamia hupenda kuweka akiba ya vipande kama vitatu kabla ya kuanza kuonyesha. Apple hapo mwanzo ilipendekeza kipande cha sekunde 10, kwa hiyo vitatu ni nusu dakika. Baadaye mapendekezo yalishuka hadi sekunde 6, na hapo bado kuna sekunde 18 ukiacha muda wa kubana video na wa safari. Mwaka 2019 Apple ilitangaza namna ya kutuma kipande kikiwa bado kinatengenezwa, kwa kukigawa vijipande vidogo zaidi, na uchelewaji ukaweza kushuka hadi sekunde chache. Kamera haihusiki na hili. Angalia kwenye huduma unayorushia kama kuna chaguo la uchelewaji mdogo, lakini ujue bei yake: akiba ikiwa ndogo, mtandao ukitetereka kidogo tu video inaganda. Kwa harusi, mimi ningemwacha shangazi apige simu, video ibaki na akiba yake.

Mchangiaji (Darajani)

Mimi ni mwanamke ninayeuza kanga, na nimekuja kwenye uzi huu kwa sababu ya kichwa chake cha habari. Wateja wananitumia picha kwa WhatsApp kutoka Bara, Oman na Mombasa, wanauliza kama doti ile ninayo. Mara nyingi kanga imekunjwa au imevaliwa: unaona pembe moja ya pindo, unaona nusu ya mji, yaani sehemu ya kati, na jina, yale maandishi ya kanga, limeingia ndani ya mkunjo kwa hiyo yanasomeka maneno mawili tu. Mimi nikiitazama naijua, kwa sababu nakumbuka pindo. Binti yangu alinifundisha kutafuta kwa picha kwenye simu, na tulipojaribu kisutu, ile kanga ya nakshi nyekundu, nyeusi na nyeupe, tuliletewa vitambaa vya kila namna vyenye rangi nyekundu. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kisutu. Tafadhali elezeni kwa nini, kwa Kiswahili ambacho mfanyabiashara atakielewa.

Mwanzisha uzi

Shukran Bi, umelileta swali lenyewe. Nitalijibu kwa urefu.

Mifumo ya kwanza ya kutafuta kwa picha ilihesabu rangi. IBM katika miaka ya 1990 ilikuwa na mfumo ulioitwa QBIC, ambao ulimruhusu mtu kutafuta kwa rangi, kwa mchoro wa uso wa kitu na kwa umbo. Makumbusho ya Hermitage ya Urusi yaliutumia kwenye tovuti yake ili wageni watafute michoro. Kuhesabu rangi kunaeleza kwamba picha ina nyekundu kiasi gani, nyeusi kiasi gani na nyeupe kiasi gani, bila kueleza rangi hizo zimepangwa vipi. Kwa hesabu hiyo kisutu chako na bendera ya Yemen ni ndugu.

Hatua ya pili ilikuwa kutafuta alama. David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alionyesha mwaka 1999 njia iitwayo SIFT, inayochagua nukta za pekee ndani ya picha, kama pembe za maua au ncha za mistari, na kuielezea kila nukta kwa namna isiyovurugika picha ikigeuzwa, ikikuzwa au mwanga ukipungua. Ukiwa na picha mbili, unaangalia nukta ngapi zinalingana na kama zimekaa kwa mpangilio ule ule. Njia hii haijali kwamba nusu ya kitu imefichwa. Nukta zilizopo kwenye ile pembe moja ya pindo zinaweza kutosha.

Hatua ya tatu ndiyo inayotumika sana sasa. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waliingiza mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano mingi, katika shindano la kutambua picha la ImageNet, lenye picha za mafunzo zipatazo milioni 1.2 katika makundi 1,000, na makosa yao yalikuwa asilimia 15.3 wakati mshindani wa pili alikuwa na asilimia 26.2. Tangu hapo picha hupitishwa kwenye mtandao wa namna hiyo na kutoka ikiwa safu ya namba mia kadhaa au elfu moja na kitu, ambayo tunaiita vekta. Picha zinazofanana huangukia vekta zinazokaribiana. Kutafuta kunakuwa ni kuuliza vekta zipi ziko jirani.

Jambo la kuangalia ni kwamba mtandao huo umefunzwa kuona kufanana kwa aina fulani. Umeambiwa mara nyingi kwamba gauni jekundu na gauni la buluu ni kundi moja, kwa hiyo umejifunza kupuuza nakshi ili ulione gauni. Ukiuonyesha kisutu, unaona kitambaa chekundu chenye maua, na hapo umeridhika. Wewe Bi huulizi kitambaa kinachofanana. Unauliza doti ile ile. Hayo ni maswali mawili tofauti, na kiolesura cha simu, yaani ile sura ya programu unayoigusa, kinayachanganya kana kwamba ni moja.

Mchangiaji (Darajani)

Hapo nimeelewa. Mteja akitaka doti fulani, ukimpa inayofanana nayo umemtukana. Lakini lipo jambo umelisahau, Maalim: jina. Kanga mbili zinaweza kuwa na pindo moja na mji mmoja, moja imeandikwa "Wema hauozi" na nyingine ina maneno ya kumsema jirani. Hizo si kanga moja, na huwezi kumpelekea mtu ya pili kama zawadi ya arusi.

Mchangiaji (mwanafunzi wa kompyuta, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA)

Naomba niingie hapo. Kwa maoni yangu tunaweza kuunganisha njia zote: vekta zichague doti mia moja zilizo karibu, SIFT ithibitishe nukta kwa nukta, kisha programu ya kusoma maandishi ilisome jina. Ninachoogopa ni hataza. Nimesoma kwamba SIFT ina hataza, H.264 ina hataza, na utiririshaji wa vipande una kesi mahakamani Marekani. Je, kijana wa Zanzibar akitengeneza programu kama hii atakuwa amevunja haki za mtu?

Mwanzisha uzi

Mpangilio wako ni sahihi, na ndio unaotumika hata katika mifumo mikubwa: chujio la haraka kwanza, uthibitisho wa taratibu baadaye.

Kuhusu hataza, hofu yako imepitwa na wakati kwa sehemu. Hataza hudumu miaka 20 tangu siku ya maombi. Ile ya SIFT iliisha mwezi Machi 2020, na njia hiyo sasa imo ndani ya OpenCV, maktaba huria ya programu za picha, kwa mtu yeyote kuitumia. Kwa video, ikiwa H.264 inakutia wasiwasi, ipo AV1 iliyotolewa mwaka 2018 na muungano wa makampuni yaliyokubaliana isilipiwe mrabaha, ingawa simu nyingi za zamani mikononi mwa wateja wetu zitachoka kuifungua, kwa sababu hazina sehemu maalumu ya kuishughulikia na zitatumia betri kwa fujo.

La pili, hataza ni ya nchi. Iliyosajiliwa Marekani peke yake haimfungi mtu wa Mwanakwerekwe anayemhudumia mteja wa Mwanakwerekwe. Zanzibar ina Sheria yake ya Mali za Viwandani, Namba 4 ya mwaka 2008, iliyo mbali na ile ya Tanzania Bara, na usajili unafanywa na BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar. Lakini ukianza kuuza huduma yako Marekani, utakuwa umeingia uwanja wao. Huko nako mambo yamebadilika: mwaka 2014 Mahakama ya Juu katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank ilisema kwamba wazo la kufikirika halipati hataza kwa sababu tu limetiwa kwenye kompyuta. Mimi naiona hukumu ile kuwa ya busara. Zipo hataza nyingi za violesura ambazo ukiziondolea maneno makubwa unakuta mtu anadai kumiliki kuonyesha picha ndogo ndogo kwenye safu.

Mchangiaji (Chake Chake)

Mimi nina pingamizi. Mnajitaabisha kutengeneza kitu kilichopo. Mtandao sasa ni mzuri, Google Lens ipo tangu mwaka 2017, inasoma hata maandishi. Kwa nini tusipakie picha za kanga kwenye tovuti, tusubiri Google izione?

Mwanzisha uzi

Pingamizi lako ni la haki, nami sipuuzi Lens. Kwa mmea, kwa bango la Kichina, kwa kifaa usichokijua jina, inasaidia sana. Zipo sababu za kutoitegemea kwa jambo hili.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Biashara iliyotegemea seva ya ng'ambo kwa kila swali ilisimama. Hata siku za kawaida, picha ya simu ina megabaiti tatu au nne, na muuzaji anayetuma picha kutwa nzima anakula bando lake kwa kupeleka data ambayo karibu yote itatupwa ikifika, kwani seva inahitaji vekta tu.

Tazama hesabu hii. Google mwaka 2017 ilitoa mtandao wa neva mwepesi uitwao MobileNet, wenye vigezo milioni 4.2, uliotengenezwa makusudi kwa simu. Unapokea picha iliyopunguzwa hadi pikseli 224 kwa 224 na katika tabaka lake la karibu na mwisho unatoa namba 1,024. Kila namba ukiihifadhi kwa baiti moja, kanga moja inachukua takriban kilobaiti moja. Kanga 10,000 ni megabaiti 10. Katalogi nzima ya Darajani inakaa ndani ya simu, inapakuliwa mara moja, na kutafuta hakuhitaji mtandao wala bando. Kwa idadi hiyo hata zile mbinu za kutafuta jirani kwa kukisia, zinazohitajika kwenye mabilioni ya picha, huna haja nazo. Simu inalinganisha zote moja moja na kumaliza kabla hujapepesa jicho.

Na lipo la sitara. Picha nyingi za kanga zina mwanamke aliyeivaa, nyumbani kwake. Ikiwa picha haitoki kwenye simu, hakuna wa kuuliza imekwenda wapi.

Mchangiaji (Chake Chake)

La sitara limenishinda. Endeleeni.

Mchangiaji (Wete)

Maalim, mimi nina harusi za saa tatu tatu, na familia zinarudi kuniuliza: tutafutie pale alipotokea bibi yetu, marehemu sasa. Nakaa naburuta video mbele na nyuma jioni nzima. Hii ya vekta inaweza kunisaidia?

Mwanzisha uzi

Inaweza, na hapa ndipo fani hizi mbili zinapokutana. Josef Sivic na Andrew Zisserman wa Oxford walionyesha tangu mwaka 2003 kwamba unaweza kuzungushia kitu ndani ya fremu moja ya filamu na kutafuta fremu nyingine zote zenye kitu hicho. Leo kazi hiyo ni nyepesi zaidi kwa sababu ya utiririshaji. Ili simu iweze kubadilisha daraja la ubora bila picha kuvurugika, kila kipande lazima kianze na fremu kamili, isiyotegemea fremu iliyotangulia. Fremu hizo zimeshachaguliwa na zimeshakaa kwa mpangilio, huna haja ya kufungua video nzima. Harusi ya saa tatu ni sekunde 10,800. Fremu kamili kila baada ya sekunde 2 zinakuwa 5,400, na vekta zake ni kama megabaiti tano na nusu. Kwa mtu, usitumie mtandao wa kutambua vitu kwa jumla. Utafute kwa kanga aliyovaa bibi siku ile au buibui lake, uzungushie kidole sehemu hiyo tu, na programu ilete safu ya picha ndogo zenye saa na dakika. Pinterest ilileta kisanduku cha namna hiyo mwaka 2015, mtumiaji akachagua taa ndani ya picha ya sebule nzima. Nakushauri ufanye hivyo kwa harusi ambazo familia zimekuruhusu, na faharasa ibaki kwenye kompyuta yako.

Kwa kanga kisanduku hicho kiwe viwili: kimoja cha pindo, kimoja cha mji. Mteja akiwa na pindo peke yake, atafute kwa pindo, na vekta za sehemu hizo zihifadhiwe mbalimbali. Hapo katalogi itakuwa megabaiti 20, bado ni chache.

Mchangiaji (mwanafunzi, SUZA)

Naweza kuanza na sehemu ya kukata pindo na mji, kwa kuwa kanga ni mstatili na mpaka wake unaonekana. Nitahitaji picha zilizotandazwa, zilizopigwa kwa mwanga mmoja, na nyingine za doti zile zile zikiwa zimekunjwa, ili tupime kama programu inazitambua.

Mchangiaji (Darajani)

Picha nitazitoa mimi, njoo na mwenzako Jumamosi asubuhi kabla wateja hawajajaa. Nina sharti mbili. Jina la kila kanga tuliandike wenyewe kwa mkono, kwa sababu mashine ikikosea herufi moja katika jina la kanga inaweza kuleta ugomvi wa mitaa miwili. Na doti ambayo haimo kwenye katalogi, programu iseme haimo, isimletee mteja wangu mapazia.

Mwanzisha uzi

Sharti la pili ni rahisi: tunaweka kipimo, na jirani wa karibu akiwa nje ya kipimo hicho, au nukta zinazolingana zikiwa chache, jibu linakuwa "haimo". Kipimo chenyewe tutakipata kutokana na zile picha zilizokunjwa. Mwanafunzi, chukua na kisutu za viwanda tofauti, maana hizo ndizo zitakazotusumbua.